Chanya kwenye bodi: miezi mitano na umeme wa Massey Ferguson 35 ya marehemu baba

Trekta la marehemu baba liliishi bila betri karibu miaka ishirini, na pale kijijini hakuna aliyeona ajabu. Injini ya dizeli ya zamani ikishawaka haina shida na umeme. Ipe dizeli na hewa, itazunguka mpaka uvute kamba ya kuizimia. Kwa hiyo baba alikuwa analiegesha kwenye mteremko nyuma ya zizi, jiwe mbele ya tairi. Asubuhi tunatoa jiwe, linashuka taratibu, anaachia klachi, linakohoa mara mbili tatu, linawaka. Likizimika tambarare, katikati ya shamba, hapo ndipo alipojua ana majirani wangapi.

Taa nilikuwa mimi. Nikiwa darasa la nne nilikuwa nakaa kwenye madigadi ya kulia na tochi ya betri tatu, namulika njia tukirudi na tela la mahindi usiku. Nikisinzia, baba ananigonga goti. Sisemi hivi ili mtu aige. Watoto wamekufa kwa kuanguka kwenye madigadi. Nasema tu kwamba kwa trekta lile neno "umeme" lilikuwa halipo kabisa, na mimi ndiye niliyejipa kazi ya kulirudisha.

Ni Massey Ferguson 35, injini ya Perkins silinda tatu, boneti nyekundu na kiwiliwili cha kijivu. Matrekta haya yalitoka kiwanda cha Coventry, Uingereza, mpaka 1964 yalipopokewa na Massey Ferguson 135, ambayo wengi hapa Karatu ndiyo wanayoijua zaidi. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Fizikia ya umeme nimeifundisha miaka kumi na moja, na hilo, kama mtakavyoona, lilinidhuru kuliko lilivyonisaidia.

Sababu ya kuanza haikuwa mapenzi ya vitu vya kale. Ilikuwa mgongo. Msimu wa kupukuchua mwaka juzi trekta lilizimika na mashine ikiwa imefungwa nyuma, tukalisukuma watu watano, na mimi nikalala chali siku nne. Mke wangu akaniambia, ama trekta liwashwe kwa ufunguo, ama liuzwe.

Fundi rewaya wa kwanza alilizunguka kwa dakika tano akasema, "Mwalimu, hivi vitu vya kizee tutupe. Nakufungia alteneta ya Noah, na swichi ya kawaida. Keshokutwa unawasha." Alitaka laki tatu na nusu kwa kila kitu ukitoa betri. Nikihesabu leo nilichotumia, sithubutu kumcheka. Kama trekta lako linalima usiku na taa nne za kazi, msikilize huyo, usinisikilize mimi. Dainamo (mashine ya kuchaji betri iliyotangulia alteneta) za enzi zile, za kampuni ya Lucas ya Uingereza, ni dhaifu: hata ile C40-1 iliyotumika sana kwenye magari mwisho wake ni ampia 22, na kwenye mzunguko mdogo wa injini haitoi kitu. Lakini letu linavuta tela, linapukuchua, na taa linaziwasha labda saa moja kwa wiki. Kwa kazi hiyo mfumo wa asili unatosha na unabaki.

Halafu kulikuwa na jambo lingine ambalo sikumwambia fundi. Dainamo ilikuwa bado ipo mahali pake. Haikuchaji chochote miaka yote ile, ila bila yenyewe mkanda wa feni haukazi, ndiyo maana haikuwahi kung'olewa. Nyuma yake kuna kitundu kidogo cha oili, na kila baba alipobadilisha oili ya injini alitia matone mawili pale. Niliwahi kumuuliza anapaka nini mafuta kitu kibovu. Akasema, "Kinazunguka, kisizunguke?" Nikaona nikiitupa dainamo ile nitakuwa nimemjibu vibaya.

Tukakubaliana na fundi aunganishe kila kitu kama kilivyokuwa, kwa laki moja na ishirini. Hapo nikafanya kosa la kwanza, na ndilo lililonila muda kuliko yote. Nilikwenda kusahihisha madaftari. Niliporudi jioni kijana wake alikuwa ameshika koleo, amekata nyaya zote, kaziweka kwenye kiroba. Zote. Mfukoni nilikuwa na simu yenye kamera na sikuwa nimepiga picha hata moja.

Kusema haki, kiroba kile kilikuwa kichekesho. Mlikuwa na waya wa nyumba, ule mgumu wa shaba moja nene, umevunjika sehemu tatu. Mlikuwa na waya wa spika. Maungio yalikuwa yamefungwa kwa nailoni ya mfuko, mengine yametafunwa na panya, na palipotakiwa fyuzi palikuwa na karatasi ya sigara iliyokunjwa. Watu wengi huzilaumu Lucas, hata Waingereza wenyewe wana utani wao kwamba mwenye kampuni hiyo alikuwa mfalme wa giza. Baada ya kukichambua kile kiroba mimi nimemsamehe mfalme. Giza tulijiletea wenyewe, kipande kwa kipande, kila mtu na ujanja wake.

Lakini katikati ya takataka zile mlikuwa pia na vipande vya nyaya za awali, vilivyofumwa kwa uzi, na rangi zake bado zinaonekana ukikwangua uchafu. Ningekuwa na picha zinazoonyesha kipande gani kilianzia wapi na kuishia wapi, ningemaliza kwa wiki mbili. Ukianza kazi hii, kabla koleo halijatoka kwenye kisanduku, piga picha kila ungio, kisha funga kikaratasi kwenye kila ncha: "huu umetoka kwenye herufi D, huu unaingia kwenye swichi". Waya hata ukiwa mbovu ni ramani.

Fundi akaunganisha kwa akili yake. Nikanunua betri mpya ya N70, shilingi 260,000, na akaifunga kama anavyofunga kwenye kila gari lililopita mikononi mwake, hasi kwenye bodi, yaani kwenye chuma cha trekta lenyewe. Nami mwalimu wa fizikia nilikuwa nimesimama pale naitikia kwa kichwa.

Nikazungusha ufunguo na stata ikazunguka. Kinyonge, lakini ikazunguka, injini ikawaka, watoto wakapiga makofi. Stata ya aina hii ina koili za sumaku badala ya sumaku ya kudumu, hivyo haijali chanya iko wapi, na kwa hiyo ilinidanganya. Nikaongeza moto kidogo, yaani kasi ya injini. Mshale wa geji ya ampia ukaruka upande mmoja ukagonga mwisho. Ukasikika mlio kama wa kukaanga, ikaja harufu ninayoijua kutoka maabara, na moshi mweupe ukatoka kwenye lile sanduku dogo la chaji ambalo mafundi wengi huliita katauti. Fundi alichomoa kichwa cha betri kwa mkono mtupu. Kiganja chake kilipata lengelenge la ukubwa wa sarafu.

Alinirudishia elfu ishirini akasema trekta hili lina mkosi. Sikumlaumu sana.

Nilikaa wiki tatu bila kuligusa. Mtu wa duka la pembejeo ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja anayeishi njia ya kwenda Oldeani, aliyeanza ufundi kwenye mashamba ya walowezi na kumalizia kwenye mashamba ya ngano kule Hanang. Macho yake yamepungua. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza yote, naye akaniuliza swali moja: "Ule mkanda wa nyuzi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi, unao?"

Nilikuwa nao kwenye kiroba. Akaingiza kidole kwenye tundu la kichwa chake, kisha akakiingiza kwenye kichwa cha waya mwingine, akacheka. "Hili ni kubwa. Chanya ya betri ndiyo nene, hasi ndiyo nyembamba. Mkanda wa bodi una tundu la chanya. Hili trekta lako, chanya iko kwenye bodi."

Nilijisikia mdogo. Kumbe hivyo ndivyo Waingereza walivyofanya kwenye magari na matrekta yao mengi ya miaka ile, na kinachobaki leo ni sisi kuchanganya. Kilichoungua ni hivi: dainamo hukumbuka upande wake kwa usumaku mdogo unaobaki kwenye vyuma vyake, hata ikae miaka. Yetu ilikumbuka chanya kwenye bodi. Betri tukaigeuza. Injini ilipoongezwa moto, katauti, ile swichi iliyo ndani ya sanduku la chaji, ikafunga mlango kati ya dainamo na betri kama ilivyoagizwa, na zile volti badala ya kukabiliana zikajumlishana. Milango ya katauti iliungana kwa joto. Mimi hufundisha betri mbili kwenye mfululizo kila mwaka mwezi wa pili.

Unaweza kuligeuza trekta liwe la hasi kwenye bodi ukitaka, halitakufa. Unaiamsha dainamo upya kwa upande huo na kugeuza nyaya za geji ya ampia, basi. Nimeona matrekta mengi hapa yamegeuzwa na yanafanya kazi vizuri. Ila amua moja, na andika kwa rangi kwenye boksi la betri, herufi kubwa, maana kesho atakuja fundi mwingine na desturi yake. Mimi nimeandika CHANYA KWENYE BODI, na chini yake nimechora fuvu.

Dainamo tuliishusha nikaipeleka Arusha, karibu kilomita 140, kwa fundi wa kusuka mota pale Unga Limited. Nilikuwa nimejiandaa kusikia kwamba imekwisha. Akaifungua. Mfupa wa nyuma, ile bushi ya shaba ambayo kwa kawaida ndiyo inayoua dainamo hizi kwa kukauka, ulikuwa mzima. Akauzungusha ekseli kwa vidole akasema, "Hii ilikuwa inatiwa oili." Nikatoka nje kidogo.

Kilichochakaa kilikuwa kaboni, zimebaki fupi kama ncha ya kidole cha mtoto, na ile silinda ya vipande vya shaba inayosuguana nazo ilikuwa nyeusi yenye mfereji. Kazi aliyofanya nilikaa kuitazama muda wote, kwa hiyo naieleza. Kwanza aliikereza kidogo sana kwenye mashine, mpaka shaba ikang'aa yote bila kovu. Kisha akachukua kipande cha msumeno wa chuma alichokuwa amekisaga ubavuni kiwe chembamba, akaanza kupita katikati ya vipande vya shaba, mstari mmoja baada ya mwingine, akichimba ile mika inayovitenganisha ishuke chini ya uso wa shaba. Shaba huliwa haraka kuliko mika. Ukiiacha mika juu, kaboni inarukaruka na kutoa cheche. Kila mstari aliupitisha mara tano sita, anapuliza, anainua kwenye mwanga wa mlango, anatazama kwa jicho moja. Mwisho akausugua wote kwa msasa laini sana. Kaboni mpya za kipimo hakuwa nazo, akachonga kubwa zikaingia, zikiteleza zenyewe kwenye nyumba zake bila kukwama. Yote shilingi 75,000. Sikuomba punguzo.

Kabla ya kuirudishia waya mzee alinifundisha kuipima, na kipimo hiki kingeniokoa siku ya kwanza. Unachomoa nyaya zote mbili kwenye dainamo, ule wa D, unaotoa umeme, na ule wa F, wa koili za sumaku. Unaziunganisha ncha hizo mbili za dainamo kwa kipande cha waya. Mita unaiweka kati ya kipande hicho na bodi, kwenye volti za betri. Unawasha injini na kuongeza moto polepole. Volti zinatakiwa kupanda zenyewe bila kusita, na zikifika ishirini hivi acha; usizifuate juu, utachoma koili. Zikibaki mbili tatu tu, usumaku upo lakini koili ya F haipati umeme. Sifuri kabisa, tazama kaboni, au dainamo imesahau. Yetu ilikuwa imesahau, bila shaka kwa mshtuko wa ile siku ya moshi. Dawa yake ni ndogo hadi inatia hasira: ukishafunga betri kwa upande sahihi, nyaya za dainamo zikiwa bado zimechomolewa, unachukua waya kutoka kwenye kichwa cha betri ambacho hakijashikwa na bodi, unaugusisha kwenye F mara mbili tatu, kicheche kinaruka, imekumbuka. Nikarudia kupima. Mshale ulipanda.

Sanduku la chaji la zamani halikuokoleka. Nilinunua la kuiga kwa 95,000, na hapa nina onyo. Herufi ni zilezile, A (betri), D, E (bodi), F, lakini mpangilio wake haukuwa kama wa lile la zamani. Ningefuata nafasi badala ya herufi, ningeunguza la pili. Halafu lilikuja limekazwa vibaya: siku ya tatu betri ilikuwa inachemka na kunuka mayai mabovu. Mzee alichomoa nyaya za A, akaweka mita kati ya D na bodi, akaniambia nipandishe moto taratibu. Ilisoma 18 na ushee. Kwa sanduku la aina hii inatakiwa ikae kwenye 16 hivi, likiwa halijashika betri, siku isiyo ya joto kali. Akazungusha skrubu robo mzunguko na tukazima. Tukasubiri lipoe ndipo tukarudia. "Usizidi nusu dakika," alisema, "koili ikipata joto inakudanganya." Mafundi wengi hukaza huku injini inanguruma robo saa, ndiyo maana betri zinakufa.

Stata ikabaki kitendawili. Betri mpya, stata imesafishwa kwa 50,000, na bado ilizunguka kama mtu anayepanda mlima na debe kichwani. Nikanunua nyaya nene zaidi, haikusaidia. Siku hiyo nilikuwa peke yangu na mita ya elfu 35 niliyonunua kwa hasira. Nikaweka ncha moja kwenye kichwa cha chanya cha betri, nyingine kwenye chuma cha injini, nikamwambia mwanangu azungushe ufunguo. Kati ya vitu hivyo viwili, ambavyo vinatakiwa kuwa kama kitu kimoja, kusiwe na hata nusu volti. Mita ilisoma 3.4.

Nikafuata mkanda wa bodi mpaka kwenye bolti yake. Chini ya bolti kulikuwa na rangi. Rangi nzuri ya kijivu, makoti mawili. Nikakumbuka mara moja: 1998, harusi ya dada yangu, baba alilipaka trekta rangi lote ili livute tela la wapambe. Alitoa kila bolti, akapaka, akarudishia. Umeme wa stata ulikuwa unapita kwenye nyuzi mbili tatu za bolti tu. Nilikwangua mpaka chuma kikameta, nikapaka grisi kidogo juu baada ya kukaza, na stata ikaruka kama mbwa aliyefunguliwa. Miezi minne ya kununua vitu, na dawa ilikuwa kisu.

Nyaya nilizisuka mwenyewe sebuleni, usiku, zimetandazwa kwenye mkeka. Nilitumia waya laini wa magari, wa nyuzi nyingi, maana ule mgumu wa nyumba hauwezi mtikisiko. Rangi nilijaribu kufuata za Lucas kadiri duka lilivyoniruhusu: kahawia kwa njia kuu ya betri, kahawia yenye mstari wa njano kwa D, kahawia yenye kijani kwa F, buluu kwa taa kubwa, nyekundu kwa taa ndogo, nyeusi kwa bodi. Kwenye trekta la zamani zaidi utakuta D ni njano tupu na F ni njano yenye kijani, usishangae. Ncha nilizibana kwa koleo lake. Nilipolehemu, waya ulikakamaa pale risasi ilipoishia na mmoja ukakatika baada ya wiki. Mambo mawili nilikiuka uasilia bila majuto: niliweka fyuzi kwenye njia ya taa, na swichi ya kukata betri. Anayetaka uasilia wa kuunguza zizi aendelee.

Na spana. Kwenye gari la kawaida tumezoea kufungua hasi kwanza. Sababu yake si uhasi, ni kwamba hasi ndiyo iliyoshikana na bodi. Hapa bodi ni chanya, kwa hiyo chanya ndiyo ya kwanza kutoka na ya mwisho kurudi. Mimi kwa mazoea nilianza na hasi, spana ikagusa boneti, na sasa boneti ina kovu na spana yangu ya namba 13 ina pengo. Vilevile ukiazima umeme kwenye pikapu ya jirani: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, na hakikisha magari hayagusani hata kwa bampa wala mnyororo.

Hesabu, kwa anayetaka kujipima: betri 260,000, fundi wa kwanza 120,000 kasoro zile elfu ishirini, dainamo 75,000, sanduku 95,000, stata 50,000, nyaya na fyuzi na swichi 140,000, taa mbili na vioo vyake 90,000, mita 35,000, nauli za Arusha kama 130,000. Mzee alikataa hela. Alichukua gunia la mahindi na akaomba nimpigie picha ya trekta, ingawa sijui anaionaje. Inakaribia milioni. Ningemtafuta mzee kwanza na kununua mita kabla ya betri, ningetumia kama laki saba.

Asubuhi za Julai Karatu ni baridi ya kweli, na ndiyo uliokuwa mtihani wangu. Nilizungusha ufunguo kwenye nafasi ya kupasha joto, nikahesabu hadi ishirini, nikaendelea mbele. Liliwaka mara ya kwanza. Jiwe la baba bado lipo pale mbele ya tairi, ila siku hizi kuku ndio wanalikalia.

Taa tuliziwasha jioni. Watoto walikimbilia mbele wacheze na vivuli vyao ukutani. Mama alitoka jikoni na kanga yake, akasimama mlangoni akitazama lile duara la njano kwenye ukuta wa zizi, kimya, nikafikiri ameguswa. Injini ilikuwa kwenye moto mdogo, mshale wa ampia umelala upande wa kutoa.

"Zima hizo taa," akasema. "Betri itaisha."

Nikavuta moto kidogo. Ndani ya sanduku katauti ikalia, tik, na mshale ukanyanyuka ukavuka katikati.

"Haiishi, mama. Inachaji."

"Zima," akasema. "Hakuna anayelima."